KUPIMA MZIGO WA AKILI WA RUBANI

Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga, iko juu ya Uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa kawaida msongamano wa hewa katika kimo hicho ni pungufu kwa karibu asilimia 16 kuliko pwani. Kwa hiyo ndege inayotua hapa hulazimika kwenda kasi zaidi, kwa karibu asilimia 9, ili mbawa zake ziibebe sawasawa na zinavyoibeba Dar es Salaam. Rubani ana kazi zile zile, yaani kushusha magurudumu, kutandaza mabapa ya mbawa, kurekebisha nguvu za injini na kusikiliza redio. Lakini muda wake ni mfupi zaidi.

Tutajuaje kwamba akili yake imeelemewa? Kutazama mikono yake hakutoshi. Marubani wawili waweza kutua salama, hali mmoja amebakiwa na nafasi ya kufikiri na mwingine hana. Tofauti yao hudhihirika injini inapopata hitilafu, na hiyo si saa ya kuanza kupima.

Wataalamu hutumia njia tatu. Kwanza, humwuliza rubani mwenyewe. Kipimo cha NASA-TLX, kilichotolewa na Sandra Hart na Lowell Staveland mwaka 1988, huuliza mambo sita: kazi ya akili, kazi ya mwili, haraka, ufanisi, bidii na kero. Pili, hupima mwili, kama vile mapigo ya moyo na upana wa mboni ya jicho. Tatu, humpa kazi ya ziada. Kadiri anavyoikosea, ndivyo nafasi iliyobaki akilini ilivyo ndogo.

Jaribio: Mwenzako afuatishe kwa kalamu mstari wenye kona chache, huku akitoa 3 kwa sauti kuanzia 100. Andika majibu sahihi ya nusu dakika. Arudie kwa mstari wenye kona nyingi, akianzia 101. Nusu ya darasa ianze na mstari mgumu, ili mazoezi yasipotoshe matokeo. Linganisheni.

Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakikunja magurudumu badala ya mabapa wakiwa wamekwisha kutua. Alphonse Chapanis aligundua kwamba vishikio viwili hivyo vilifanana na kukaa jirani. Dawa yake ilikuwa kuvipa maumbo tofauti, ili mkono utambue bila kuisumbua akili. Ndiyo faida ya kupima: tujue lini tumfundishe mtu, na lini tukirekebishe chombo.