KUMWINDA NUNGUNUNGU KATIKA SHIMO LAKE
Maelezo kwa wakulima wa Mwanza na pwani ya Ziwa Victoria

Mkulima aachaye mihogo ardhini hata mwaka wa pili ameweka ghala lisilo na paa wala mlango. Mvua zikikosa, mahindi yakikauka na mtama ukiliwa na ndege, ghala hilo ndilo litakalolisha watoto. Basi nungunungu aingiapo humo kila usiku haibi chakula cha leo tu. Anakula akiba ya njaa, na mara nyingi hula nusu ya mzizi akaiacha nusu nyingine ioze.

Kwanza hakikisha ya kuwa mwizi ni yeye. Nguruwe hupindua udongo mahali papana kama aliyelima kwa jembe baya. Fuko hula chini kwa chini, na alama yake ni vichuguu vya udongo mpya. Nungunungu huchimba tundu kando ya shina, hufunua mzizi na kuutafuna papo hapo, na katika kipande kilichobaki utaona alama za meno mapana ya mbele. Tazama pia njia yake, kwa maana hupenda kupita ujia ule ule kila usiku, na mara kwa mara huangusha mwiba. Mavi yake ni marefu kidogo mfano wa tende, nayo hulala pamoja fungu moja. Viazi vitamu, karanga na maboga navyo hula, kwa hiyo usiangalie shamba la mihogo peke yake.

Mchana hulala shimoni. Mara nyingi shimo hilo si kazi yake. Ni la muhanga, naye amelipanua. Katika nchi yetu ya majabali hukaa pia katika mapango baina ya mawe, na pembeni mwa ngitili mahali ambapo majani hayakukatwa. Dume na jike hukaa pamoja na watoto wao. Mbele ya mlango utaona pengine mifupa iliyotafunwa: huikusanya na kuiguguna. Watu wakiona mifupa hiyo hudhani ni shimo la fisi, nao huenda zao. Tazameni meno yaliyoikwaruza kabla ya kuondoka.

Katika nchi za Ulaya wakulima hufuga mnyama mdogo mwembamba, jamaa wa kicheche, aitwaye fereti. Humtia katika mashimo ya sungura, na sungura kwa hofu hutoka mbio na kunaswa katika nyavu zilizofunika matundu. Desturi hiyo ni ya kale: Strabo, Myunani aliyeandika habari za nchi mbalimbali yapata miaka 2000 iliyopita, aliitaja katika habari za Uhispania. Kwetu fereti hana kazi. Sungura wetu wa porini hachimbi shimo, bali hulala juu ya ardhi katika majani. Na mnyama wa kilo 1 hawezi kumsukuma nungunungu wa kilo 15 au 20 mwenye silaha mgongoni. Lakini wawindaji wale wana jambo moja la kutufundisha, nalo ni kwamba kazi karibu yote hufanyika kabla mnyama hajatiwa shimoni. Ajuaye milango yote ya shimo amekwisha kushinda nusu, na asiyeijua atapiga kelele mlango wa mbele huku mnyama akitoka wa nyuma.

Usukuma nao ulikuwa na mafundi wake, tena hawakutumia mnyama yeyote, waliingia wenyewe. Hao ni Banunguli, chama cha wawindaji wa nungunungu, waliokuwa na nyimbo zao, dawa zao na ngoma yao, kama vile Bayeye walivyokuwa na chama cha nyoka. Kazi yao ilikuwa kumfuata mwizi wa mashamba hata ndani ya shimo lake. Ngoma yao ingali ikikumbukwa, na habari za vyama hivi huhifadhiwa katika makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa. Tunawaheshimu watu hao kwa ushujaa wao. Hata hivyo hatumshauri mtu yeyote kuingia shimoni leo, na sababu zake tutazieleza.

Lakini kabla hujatoa mbwa wala wavu, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na mbwa, nyavu, mitego na moto huhitaji idhini. Usiseme, Shamba ni langu. Onyesha uharibifu, uombe ruhusa, na pengine afisa atakuja na watu wake. Sumu usiifikirie kabisa: mnyama aliyekufa kwa sumu huliwa na mbwa, na tai, na pengine na mtoto aliyeokota nyama asiyojua habari zake.

Ukipata ruhusa, anza jioni. Zunguka shimo kwa mwendo wa hatua 50 au zaidi kila upande, ukitafuta matundu mengine katika vichaka na nyuma ya vichuguu vya mchwa. Katika kila tundu sawazisha udongo kwa tawi na kusimamisha vijiti vyembamba mlangoni. Asubuhi urudi mapema. Vijiti vikianguka na nyayo zikielekea ndani, mwenyewe yumo. Vikiwa vimesimama, shimo hilo ni tupu au ni mlango usiotumika; lakini mlango usiotumika leo hutumika siku ya hatari, basi nao uzibwe.

Ziba matundu yote kwa mawe na magogo, si kwa miiba tu, kwa maana mwenye miiba yake haogopi ya mwingine. Acha mlango mmoja. Hapo tandaza wavu wa kamba nene wenye mfuko, kingo zake zikifungwa katika vigingi, ila upande wa juu ufungwe kwa uzi utakaokatika mnyama akijitupa, ili mfuko umfunike. Watu wasizidi 5 au 6. Waje kutoka upande ambao upepo hauchukui harufu yao shimoni, na wasiseme neno. Watu 20 wenye ngoma hufurahisha kijiji, lakini nungunungu hujikaza mwisho wa shimo na kutwa nzima hatoki.

Katika kumtoa, njia ya moshi hutumika sana. Washa majani mabichi kidogo katika tundu la upande wa upepo, nje ya mlango na si ndani, na pawepo maji na matawi ya kuzimia. Wakati wa kiangazi usijaribu. Ngitili moja ikiungua, hasara yake kwa ng'ombe yapita hasara ya mihogo ya mwaka mzima. Njia iliyo salama zaidi ni kuchimba. Ingiza fito ndefu inayopinda upate kujua shimo linaelekea wapi, sikiliza kwa sikio lililowekwa juu ya ardhi, kisha chimba kutoka juu mbele ya fito. Nungunungu akikaribiwa hutikisa mkia wenye miiba mifupi iliyo wazi ndani, na sauti yake ni kama ya kayamba. Hapo ujue uko juu yake.

Harushi miiba yake. Hayo ni maneno ya zamani, nayo yamewaua mbwa wengi, kwa maana mwenye mbwa husimama mbali akidhani hatari iko mbele. Nungunungu hugeuka akaja kinyumenyume kwa kasi, na miiba hubaki katika kifua cha adui. Kwa hiyo mbwa wa kazi hii ni mbwa wa kubweka, si mbwa wa kuuma. Kazi yake ni kuonyesha shimo na kukuarifu mnyama anasogea upande gani, asiingie. Mfunge kamba. Nilipata kumwona mbwa mwema, mwenye moyo kuliko akili, aliyeingia mara moja tu. Mwiba ulikatikia begani, kidonda kikatunga usaha, na baada ya siku chache bwana wake hakuwa na mbwa. Mwiba uvutwe wote mara moja, jeraha lioshwe, na mbwa apelekwe kwa mganga wa mifugo. Na mbwa asiyechanjwa kichaa asiletwe porini hata kidogo.

Mnyama akiwa wavuni, apigwe kichwani kwa rungu zito, pigo moja la uhakika, na mtu mmoja aliyechaguliwa tangu mwanzo. Akiuawa jike mwenye maziwa, endeleeni kuchimba hata mwisho. Kuacha watoto wafe njaa gizani ni ukatili.

Sasa kwa nini mtu asiingie? Udongo wa mchanga huanguka. Hewa mwisho wa shimo ni haba, tena moshi hukaa humo muda mrefu baada ya moto kuzimika. Katika shimo moja unaweza kumkuta chatu, au kifutu, au ngiri, ambaye huingia kinyumenyume na hutoka pembe mbele. Na wako wadogo wasioonekana: papasi hukaa katika mashimo ya wanyama kama wanavyokaa katika sakafu za udongo, nao huleta homa inayopoa na kurudi. Mwenye kuchimba mashimo akishikwa na homa baadaye, amwambie mganga kazi aliyoifanya.

Kumuua mmoja hakufungi shamba. Shimo lililo wazi hupata mpangaji mpya, basi lijazwe mawe na udongo mpaka juu. Ua wa minyaa uliopandwa kwa karibu, na mawe yaliyofukiwa kwenye mguu wake ili asipitie chini, husaidia kuliko kuwinda kila mwaka. Wengine hupanda mihogo michungu kuzunguka mitamu, kwa sababu wanyama huipenda kidogo. Ni shauri jema, ila mihogo hiyo yataka kulowekwa na kukaushwa barabara. Katika wilaya ya Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walifupisha kazi hiyo, na baadhi yao, hasa watoto na wanawake, wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Mihogo michungu ikipandwa, ipandwe safu zake peke yake, na mwenye nyumba awaonyeshe watoto mpaka wake kabla ya siku ya kwanza ya kuvuna.