Dari na Darini: Maana, Matumizi na Asili

Katika somo lililotangulia tulieleza ngeli tatu za mahali, yaani PA-, KU- na M-. Sasa tunazitumia kulichambua neno moja la nyumbani, nalo ni dari. Tumelichagua kwa sababu ni rahisi kwa mwalimu kumnyima mwanafunzi alama kwa neno hili ilhali mwanafunzi ndiye aliyesema sawasawa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi aliyekulia Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ameandika katika insha yake: "Mahindi yetu yamo darini." Mwalimu aliyezoea dari ya mbao au ya jipsamu, ile inayotazamwa kutoka kitandani, anapiga mstari mwekundu. Kwake yeye dari ni uso tu, wala uso hauna ndani. Basi yawezaje mahindi kuwa humo?

Kosa ni la mwalimu. Dari ina maana zaidi ya moja. Ni upande wa juu wa chumba tunaouona tukiinua macho. Ni nafasi iliyo kati ya upande huo na paa, ambamo huwekwa vyakula, majamvi na masanduku. Tena, katika matumizi ya zamani ya pwani, ni orofa ya juu ya nyumba, wanamolala watu. Katika nyumba nyingine za udongo zilizoezekwa makuti, dari hujengwa kwa miti na kukandikwa, ili moto ukishika makuti usiangukie chumbani upesi. Dari ya namna hiyo hubeba mzigo.

Ngeli za mahali ndizo zinazotuonyesha ni maana ipi imekusudiwa. Tulinganishe sentensi hizi:

Darini pamepakwa chokaa.
Darini mmejaa mahindi.
Darini kumelala wageni.

Jina ni lile lile na kiambishi -ni ni kile kile, lakini nyumba tunayoiona akilini hubadilika. Katika sentensi ya kwanza PA- huonyesha mahali mahususi, na kitenzi kinatupeleka kwenye uso wa dari. Katika ya pili M- hutuingiza ndani ya nafasi. Katika ya tatu KU- hutaja upande wa juu wa nyumba bila kuubana. Vivyo hivyo mjusi yupo darini, lakini nyoka yumo darini. Na anayeambiwa habari hizi mbili atajua ni ipi inayomtaka apande ngazi. Mwanafunzi wetu aliandika yamo. Kiambishi hicho kimoja kilikwisha kumjibu mwalimu kabla hajauliza.

Hakukisia. Kimwani, lugha ya pwani hiyo iliyo jamaa wa karibu wa Kiswahili, pamoja na Kimakonde na Kimakua, zote zina ngeli za mahali. Mtoto huja darasani akiwa amekwisha kuonja tofauti ya juu yake na ndani yake. Kireno cha shuleni hakina ngeli hizo. Kina kihusishi tu na jina. Kwa hiyo katika jambo hili mwalimu aanze na lugha ya mama, wala asipitie Kireno.

Tukigeukia asili, neno linalofundisha zaidi si dari bali mwenziwe, sakafu. Limetoka katika Kiarabu, saqf, na huko maana yake ni paa au dari. Imekuwaje basi cha juu kikawa cha kukanyagwa? Jibu limo katika ujenzi wa nyumba za mawe za pwani. Boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta (ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, kwa kawaida mita 2.5 hadi 3), kisha juu yake humwagwa mawe na chokaa na kupondwa hadi kushikamana. Tabaka hilo moja, kwa aliye chini ni dari. Kwa aliye juu ni sakafu. Na likiwa la mwisho, ndilo paa bapa la kuanikia. Neno halikuruka. Msemaji ndiye aliyepanda ngazi.

Kireno kina kisa cha namna hiyo. Sótão ni dari ya kuwekea vitu, chini ya paa. Lakini ndugu yake wa Kihispania, sótano, ni chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Yote mawili yanatokana na neno la Kilatini lenye maana ya chini. Waingereza nao huiita loft, neno lililotoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, ambako lilikuwa na maana ya hewa au anga. Ghorofa, kutoka Kiarabu ghurfa, yaani chumba, tumeipa kazi ya kuhesabia tabaka za nyumba.

Mwanachuo atauliza kama dari na neno la Kiarabu dār, nyumba, ni neno moja. Kufanana kwa sauti ni mwanzo wa uchunguzi tu. Asiandike jibu ubaoni kwa kusikia sauti.

Dari ya kuwekea nafaka isichanganywe na uchaga, jukwaa la miti ambalo aghalabu huwa juu ya meko ili moshi ufukuze dumuzi. Dari ni ya ngeli ya I-/ZI-, uchaga ni wa U-/ZI-, na wingi wake, chaga, ndio tunaoulalia kila usiku kitandani.

Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017 na ya Palma ya Machi 2021, familia nyingi zimehamia Pemba, nyingine zimevuka mto Ruvuma. Huenda mwanafunzi anayeandika "yamo darini" anaieleza nyumba aliyoiacha. Asomwe hadi mwisho kabla kalamu nyekundu haijafunguliwa.

Zoezi. Tunga sentensi tatu zenye neno sakafuni, ukitumia PA-, KU- na M-. Eleza ni ipi iliyokupa taabu, na kwa nini sakafu haikubali M- kwa wepesi kama dari.