Kubofya si Kununua: Kukadiria Mauzo ya Vinyago vya Tabaka Mtandaoni

Makala haya yanachunguza swali linalomkabili mchongaji wa Tabaka, Kisii, anayetangaza vinyago vyake vya mawe laini kwenye intaneti: kati ya wanaobofya tangazo, ni wangapi hununua?

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kabla ya kompyuta, kubofya kulikuwa kuliminya tunda kwa vidole ili kujua kama limeiva. Katika soko la Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, muuza maparachichi hamhesabu kila anayebofya kuwa mteja. Waliotuteulia istilahi hii, kwa kukusudia au kwa bahati, walitupa neno lenye maana pevu kuliko "kliki".

Tuchukue mfano wa kubuni. Kila mbofyo unamgharimu mchongaji shilingi 10, na kinyago kimoja kikiuzwa humwachia shilingi 600 kabla ya kutoa gharama ya tangazo. Ili asipate hasara, sharti auze kinyago kimoja katika kila mibofyo 60. Sasa mibofyo 40 imepita bila mauzo. Je, aliondoe tangazo? La hasha. Hata kama kweli mbofyo mmoja katika 60 huzaa mauzo, uwezekano wa mibofyo 40 ya mwanzo kutoka mitupu ni karibu nusu, sawa na kurusha sarafu. Ikifika 180 bila mauzo, uwezekano huo hushuka hadi takriban 5 kwa 100. Hapo ana sababu ya kusitisha. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi: pasipo mauzo yoyote, gawa 3 kwa idadi ya mibofyo, nawe utapata takriban kikomo cha juu cha kiwango cha mauzo. Tatu kwa 180 ni moja kwa 60.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba mnunuzi wetu haachi nyayo. Huona tangazo, hupiga simu, huomba apunguziwe, kisha hulipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa nchini mwaka 2007. Mtambo unaohesabu mibofyo hauyaoni malipo hayo. Huandika sifuri ilhali kinyago kimekwisha kufungwa na kupakiwa garini. Hivyo basi, tangazo lipewe nambari yake ya simu isiyotumika penginepo, na kila mauzo yanayopitia nambari hiyo yaandikwe daftarini. Aidha, mibofyo ya juzi isihukumiwe mapema, kwani aliyebofya huenda bado anasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.