Kulinganisha Printa za Leza za Rangi: ya Zamani na Mpya

Printa ya leza ya rangi hutumia tona za rangi nne: nyeusi, njano, majenta na samawati.

Utendaji: Nyingi za zamani zilipaka rangi moja baada ya nyingine, hivyo ukurasa wa rangi ulihitaji mizunguko minne. HP Color LaserJet ya mwaka 1994 ilitoa kurasa 10 za rangi nyeusi kwa dakika, lakini za rangi 2 tu. Nyingi za sasa hupaka rangi zote katika mpito mmoja.

Mfano: Printa iliyotumika inauzwa sh. 400,000 na hugharimu sh. 500 kwa kila ukurasa wa rangi. Mpya ni sh. 1,000,000 na hugharimu sh. 300. Ofisi ya Musoma huchapa kurasa 500 kwa mwezi. Ya Butiama, kurasa 50. Kila ofisi ichague ipi kwa matumizi ya miezi 24?

Njia:
Tofauti ya bei = sh. 600,000
Nafuu kwa ukurasa = sh. 200
Kurasa za kufidia = 600,000 ÷ 200 = 3,000
Musoma: 3,000 ÷ 500 = miezi 6. Inunue mpya.
Butiama: 3,000 ÷ 50 = miezi 60. Inunue iliyotumika.

Zingatia: Usijibu kwa kutazama bei ya dukani peke yake, wala usidhani kipya ni bora daima. Anza na idadi ya kurasa.

Zoezi: Ofisi ya Bunda huchapa kurasa 150 kwa mwezi. Ishauri.
(Jibu: mpya, hufidia kwa miezi 20 na kuokoa sh. 120,000.)