Kumfundisha Mtoto Rangi kwa Vitu vya Nyumbani
Mwongozo kwa wazazi na walezi wa Campbelltown wenye watoto wa miaka 3 hadi 5

Mtoto hahitaji vifaa vya dukani ili ajue rangi. Jikoni, kabatini na uani mwa nyumba yoyote mna vitu vya kutosha. Anachohitaji zaidi ni mtu mzima wa kuzungumza naye kwa utulivu, dakika chache kila siku.

Lugha ya kutumia

Baadhi ya wazazi husita kufundisha kwa Kiswahili, wakihofia kwamba mtoto atachelewa kujua Kiingereza. Hofu hiyo haina msingi: kukua na lugha mbili hakusababishi ucheleweshaji wa lugha. Mtoto aliyekwisha kuelewa maana ya rangi kwa Kiswahili hana haja ya kuanza upya atakapoingia shule ya awali. Atajifunza tu jina la pili la jambo analolijua.

Tena Kiswahili kina faida yake. Majina mengi ya rangi yametokana na vitu vyenyewe. Manjano ni kiungo cha pilau na mchuzi. Kahawia imetoka katika kahawa. Kijivu katika majivu. Kijani katika majani. Zambarau na chungwa ni matunda. Mzazi anaweza kumwonesha mtoto kitu, kisha akampa jina la rangi. Familia moja husema buluu, nyingine samawati. Yote ni sawa, mradi nyumba ichague neno moja mpaka mtoto alizoee.

Hatua tatu

1. Kulinganisha: mtoto aweke pamoja vitu vya rangi moja, bila kutakiwa kutaja jina.
2. Kuonesha: mzazi ataje rangi, mtoto aoneshe kitu chenye rangi hiyo.
3. Kutaja: mtoto aseme jina mwenyewe.

Ni vyema kuanza na rangi mbili zilizo mbali, kama nyekundu na buluu, na kuongeza ya tatu baadaye. Mtoto asiharakishwe kufika hatua ya tatu. Wengi huweza kulinganisha rangi muda mrefu kabla ya kuzitaja.

Neno la rangi hubadilika kufuatana na kitu: nyanya nyekundu, kikombe chekundu, shati jekundu. Mtoto akisema “kikombe nyekundu”, asikaripiwe. Mzazi ajibu tu, “Naam, kikombe chekundu,” na mazungumzo yaendelee. Mtoto ameitambua rangi. Sarufi atajifunza kwa kusikia.

Shughuli za nyumbani

*Kukunja nguo.* Mtoto atafute soksi zinazofanana, kisha mzazi atandaze kanga na kuuliza: pindo lina rangi gani? Na mji wa katikati je?

*Kapu la mboga.* Pilipili hoho tatu, ya kijani, ya manjano na nyekundu, hufundisha jambo kubwa: kitu ni kilekile, rangi ni tofauti. Mtoto anayeona ndizi pekee anaweza kudhani kwamba “manjano” ni jina la ndizi.

*Maji yanayobadilika.* Mtu mzima akate kabichi la zambarau, aliloweke katika maji ya moto, kisha aache maji hayo yapoe na kuyachuja katika bilauri tatu za plastiki. Moja iachwe ilivyo. Ya pili itiwe ndimu. Maji yatageuka kuwa ya waridi. Ya tatu itiwe magadi kidogo. Yatageuka kuwa ya samawati au kijani. Kabla ya kila hatua, mtoto aulizwe anadhani itatokea rangi gani.

*Unga wa kuchezea.* Vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kijiko 1 cha mafuta, na maji yanayoongezwa kidogo kidogo mpaka unga ukandike. Donge moja litiwe manjano, jingine maji ya kiazi chekundu cha saladi kilichochemshwa.

*Matembezi.* Mnamo Oktoba na Novemba mijakaranda ya Sydney huchanua maua ya zambarau, kama ilivyo Nairobi. Kasuku waitwao galah wana kifua cha waridi na mabawa ya kijivu. Katika ramani za reli, njia ya T8 inayopita Campbelltown imechorwa kwa kijani.

Usalama

- Maharage, shanga, vifungo na vitu vingine vidogo vinaweza kumpalia mtoto, hasa wa chini ya miaka 3. Visitumike pale penye mdogo wake.
- Unga wa kuchezea una chumvi nyingi, usiliwe.
- Mtoto asiachwe peke yake karibu na ndoo au beseni la maji, hata dakika moja.
- Akimeza kitu kinachodhaniwa kuwa sumu, mzazi apige simu 13 11 26, Kituo cha Taarifa za Sumu. Akishindwa kupumua au akizimia, apige 000.

Wakati wa kuomba ushauri

Kuchanganya majina ya rangi katika umri wa miaka 3 ni jambo la kawaida. Lakini mtoto anayekaribia kuanza shule, anayejua rangi nyingine vizuri na bado huchanganya nyekundu, kijani na kahawia, huenda haoni tofauti yake. Hali hiyo hurithiwa, na huwapata wavulana zaidi ya wasichana. Si ukaidi wala uvivu, na mtoto asiadhibiwe kwa ajili yake. Mwalimu akijua mapema anaweza kumsaidia kwa njia nyepesi, kama kuandika jina la rangi juu ya kila kalamu.

Watoto wote wa miaka 4 katika jimbo la New South Wales hupewa nafasi ya kupimwa macho bila malipo kupitia mpango wa StEPS. Kipimo hicho huangalia kama mtoto anaona vizuri. Hakikusudiwi kupima rangi. Mwenye wasiwasi kuhusu rangi amweleze daktari wa familia au mpima macho waziwazi.

Mzazi aende na kitabu cha buluu cha afya ya mtoto katika kila miadi. Mkalimani wa Kiswahili hupatikana bila malipo katika huduma za afya za umma. Mzazi amwombe anapoweka miadi, au apige simu 131 450 na kutaja lugha yake.