SOMO: MAJARIBIO YA DAWA HOSPITALINI NA RIDHAA YA MGONJWA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu wa darasa hapa Isiolo wametuletea suali, nasi twaona kuwa lawahusu pia ndugu zetu wa miji ya pwani wausomao waraka huu. Suali lenyewe ni hili: Mgonjwa yuko hospitalini, daktari akamjia akamwambia, "Kuna dawa inayojaribiwa, je, wakubali kuingia katika jaribio?" Ajibu nini?

Wako watu ambao wakisikia tu neno "jaribio" hukimbia. Husema hawa ni mumiani, wataka damu zetu. Na wako wengine ambao hutia kidole gumba katika karatasi bila ya kusomewa, kwa kumstahi daktari, au kwa kutaraji dawa ya bure. Makundi haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali, lakini kosa lao ni moja: wote wameamua kabla ya kujua. Dini yetu imetuamrisha kujitibu, wala haikutuamrisha kujitibu hali tumefumba macho. Kwa hivyo leo twataka kueleza, kwa maneno mepesi, jaribio ni kitu gani, lafanywaje, na mgonjwa ana haki gani ndani yake.

1. Jaribio ni kitu gani?

Ukienda kwa daktari kwa ajili ya homa, yeye hukutazama wewe peke yako, akakupa dawa ambayo nguvu yake na madhara yake yamekwisha kujulikana. Hiyo ni tiba. Jaribio si hivyo. Jaribio ni suali ambalo jawabu lake bado halijajulikana: Je, dawa hii mpya yafaa kuliko ile ya zamani? Je, ina madhara? Wagonjwa wanaokubali kuingia ndio wanaosaidia kulipata jawabu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu hudhani kuwa akiingia katika jaribio amepata dawa bora ambayo wenzake wamenyimwa. Sivyo. Lau ingekuwa imekwisha kujulikana kuwa ni bora, lisingekuwako jaribio. Huenda ikamfaa, huenda isimfae, na huenda ikamdhuru. Faida iliyo yakini ni ya ilimu, na ilimu hiyo huwafaa zaidi wale watakaougua baadaye. Mwenye kuingia kwa nia ya kuwafaa viumbe wa Mungu ametenda wema mkubwa. Lakini wema ni wema pale mtu anapojua anachokitoa.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini taabu yote hii? Si hutolewa dawa tu, anayepona akaonekana? Jawabu ni kuwa wagonjwa wengi hupona wenyewe, kwa idhini ya Mungu, na kila aliyepona huisifu dawa aliyoinywa mwisho. Hapa Kenya, mwaka 1990, ilitangazwa dawa iitwayo Kemron kuwa yatibu UKIMWI, na Rais Daniel arap Moi mwenyewe akaizindua. Watu walifurahi, na magazeti yakaandika. Kisha dawa ile ikapimwa kwa utaratibu, baadhi ya wagonjwa wakapewa na wengine wasipewe, na majaribio hayo, likiwamo moja lililofanywa Uganda, hayakuona faida yoyote. Furaha ya watu si ushahidi. Ushahidi ni kulinganisha.

2. Daraja za jaribio

Dawa mpya haiwafikii wagonjwa wengi kwa mara moja. Kwanza hujaribiwa katika vyombo vya maabara na kwa wanyama. Kisha huja kwa wanadamu kwa daraja. Daraja ya kwanza ni ya watu wachache, aghlabu wenye afya, ili kutazama kama yadhuru na kipimo chake kiwe kipi. Daraja ya pili ni ya mamia, kutazama kama yaelekea kufaa. Daraja ya tatu ni ya mamia mengi au maelfu, kuilinganisha na tiba iliyoko. Na ya nne huja baada ya dawa kuruhusiwa, kuchungua madhara yanayotokea kwa nadra. Mathalan chanjo ya malaria iitwayo RTS,S: daraja yake ya tatu ilianza mwaka 2009 ikamalizika 2014, nayo ilikuwa na watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, wakiwamo wa Kilifi kwetu na wa Korogwe na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani halikuipendekeza kwa watoto wa nchi zenye malaria nyingi mpaka mwaka 2021. Basi ukiulizwa kuingia, jambo la kwanza la kujua ni daraja gani.

3. Kura, na kidonge kitupu

Katika majaribio mengi wagonjwa hugawanywa makundi mawili au zaidi kwa kura. Baadhi ya ndugu wamechukia neno hili, wakasema ni kamari. Kamari ni kula mali ya watu kwa bahati. Ama kura ya kugawanya kwa uadilifu, Mtume wetu S.A.W. mwenyewe aliitumia baina ya wakeze alipotaka kusafiri. Daktari akichagua mwenyewe, huenda akawapa dawa mpya wale wenye nguvu, na wadhaifu akawaacha; kisha dawa ikasifiwa kwa sifa isiyo yake. Kura humzuia kupendelea.

Mara nyingine kundi moja hupewa kidonge kitupu kisicho na dawa, kilichofanana na chenye dawa, wala mgonjwa na daktari hawajui nani amepata kipi mpaka mwisho. Hili si udanganyifu, maadamu mgonjwa ameambiwa mapema kuwa ndivyo itakavyokuwa naye akaridhia. Lakini ikiwa maradhi yako yana dawa inayojulikana kuponya, una haki ya kuuliza kwa nini uachwe bila ya dawa hiyo.

4. Mfano wa Kilifi na Muheza

Tutataja sasa mfano mmoja kwa urefu, kwa kuwa ni wa watoto wa pwani yetu. Mtoto mwenye homa kali huweza kufikia hali ambayo damu haizunguki vizuri, mikono na miguu ikawa baridi. Vitabu vya tiba vilivyotungwa katika nchi zenye hospitali kubwa viliagiza kumtilia mtoto huyo maji mengi ya mshipani kwa haraka. Jambo hili lilionekana ni akili tupu, na wengi walistaajabu mtu kutaka kulijaribu.

Baina ya Januari 2009 na Januari 2011 likafanywa jaribio katika hospitali 6: moja Kilifi, moja Muheza huko Tanzania, na nne za Uganda. Waliingia watoto 3,141. Wote walipewa dawa za malaria au za vijidudu, na oksijeni na damu kwa aliyehitaji. Tafauti yao ilikuwa moja: kwa kura, makundi mawili yalitiliwa maji kwa haraka, na kundi la tatu halikutiliwa hivyo. Na kwa kuwa mtoto alikuwa mahututi na haukuwako wakati wa maelezo marefu, mzazi aliulizwa kwanza kwa mdomo, kisha akaelezwa kwa ukamilifu hali ilipotulia.

Matokeo yaliwashangaza madaktari wa dunia nzima. Katika kila watoto 100 waliotiliwa maji kwa haraka, walifariki 10 au 11 katika muda wa saa 48. Na katika kila 100 wasiotiliwa, walifariki kama 7. Kamati ya waangalizi, ambao si wale wanaolifanya jaribio, ilipoziona hisabu hizo iliagiza kusita, na jaribio likasimamishwa kabla ya kumalizika.

Tuzingatie mafunzo yake. La kwanza: jambo lililodhaniwa ni rehema lilikuwa lawadhuru watoto, wala halikujulikana ila kwa kulinganisha. La pili: kundi "lililonyimwa" ndilo lililosalimika zaidi, basi asidhani mtu kuwa aliyeangukiwa na dawa mpya ndiye mwenye bahati. La tatu, nalo ni zito: ilimu hii ilipatikana kwa watoto wa watu, na miongoni mwao wako waliozikwa. Wazee wao wana haki juu yetu ya kutajwa kwa heshima na kuombewa dua. Na kwa sababu gharama yaweza kufika huko, haijuzu kumwingiza mtu kwa ujinga wake.

5. Mfano wa karibu na Isiolo

Huku kwetu, khasa upande wa Merti, watu wanayajua maradhi ya kala-azar, yaletwayo na visubi wakaao katika nyufa za vichuguu. Mgonjwa hushikwa na homa ya muda mrefu, wengu likavimba, mwili ukakonda, na asipotibiwa aghlabu hufa. Zamani dawa yake ilikuwa sindano kila siku kwa siku 30. Na mchunga ngamia atawaacha wanyama wake kwa nani mwezi mzima? Likafanywa jaribio katika Sudan, Ethiopia, Kenya na Uganda la kuiunganisha dawa ile na nyingine iitwayo paromomisini kwa siku 17. Uponaji ukawa karibu sawa, zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kisha mwaka 2022 yakatangazwa matokeo ya jaribio jingine, la siku 14, kwa sindano moja kwa siku na vidonge vya miltefosini. Lakini vidonge hivi humdhuru mtoto aliye tumboni, hata mwanamke anayevitumia yampasa asishike mimba wakati wa dawa na miezi kadhaa baadaye. Mwanamke asiyeelezwa hayo amedhulumiwa, ingawa dawa ni nzuri.

6. Khofu ya watu ina asili

Hatuwezi kuwalaumu tu wenye khofu. Mwaka 1996, katika mji wa Kano huko Nigeria, mji wa Waislamu kama sisi, palizuka homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ikawajaribia watoto 100 dawa yake mpya, na wengine 100 wakapewa dawa iliyokuwa ikijulikana. Watoto 11 katika makundi yote mawili walifariki. Wazee wakasema hawakuambiwa kuwa hilo ni jaribio, kampuni ikakanusha, na mwaka 2009 ikapatana na serikali ya Kano kwa dola milioni 75. Baina ya miaka hiyo, mwaka 2003, Kano ilisimamisha chanjo ya polio, na maradhi hayo yakasambaa tena hata nchi za jirani. Tazameni ndugu: ridhaa ilipokosa kuthibitika mahali pamoja, watoto wengine wasiohusika ndio walioilipa dhana mbaya iliyozaliwa.

7. Ridhaa ni nini, na uulize nini?

Katika fiq-hi twafundishwa kuwa biashara yenye gharari, yaani ya kitu kisichojulikana, haisihi. Mtu hawezi kukuuzia mbuzi aliye ndani ya boma usiyemwona wala kusifiwa. Ikiwa ni hivyo kwa mbuzi, itakuwaje kwa mwili wa mwana Adamu? Kidole gumba si ridhaa. Ridhaa ni kujua, kisha kutaka, bila ya kulazimishwa.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, uliza haya kwa lugha unayoifahamu, kikiwa Kiswahili, Kiborana au Kisomali:

Kwanza, hili ni tiba au ni jaribio, na liko daraja gani? Pili, linatafuta jawabu la suali gani? Tatu, nisipoingia nitatibiwa kwa nini? Nne, madhara yanayojulikana ni yapi? Tano, nitatolewa damu kiasi gani, mara ngapi, na itapelekwa wapi? Sita, nikidhurika nani atanitibu, na kwa gharama ya nani? Saba, je, limepitishwa na kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu? Hapa Kenya jaribio la dawa lisilopitishwa huko halina ruhusa. Nane, jaribio likiisha na dawa ikafaa, nitaendelea kuipata? Tisa, katika Ramadhani dawa hii yanywewa wakati gani?

Jueni pia kuwa mgonjwa ana haki ya kukataa, na ana haki ya kutoka baada ya kuingia, wala asinyimwe tiba yake ya kawaida kwa sababu hiyo. Ana haki ya kuichukua karatasi nyumbani akashauriana na jamaa zake. Mke kushauriana na mumewe ni jambo jema, lakini sahihi ni yake mwenye mwili. Mtoto husemewa na mzazi wake, na akiwa mkubwa wa kufahamu naye aulizwe. Nauli na chakula mgonjwa aweza kurudishiwa. Lakini akiona fedha ni nyingi hata zampofua asiyafikiri madhara, na asite.

Khatima

Basi jawabu la suali la ndugu zetu si "kubali" wala si "kataa". Jawabu ni "nieleze". Daktari mwaminifu hachukii kuulizwa, na akichukia, hiyo peke yake yatosha kukujulisha. Wenye kusoma katika nyinyi wawasomee wasiojua kusoma. Maimamu na walimu wasikatae kuitwa hospitalini kumfasiria mgonjwa. Na anayeingia kwa ilimu na nia njema, tunataraji Mwenyezi Mungu amwandikie thawabu ya kila atakayeponywa kwa sababu yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu maiti wetu, na atuzidishie ilimu yenye manufaa. Amin. Wallahu aalam.