Nenda Maonesho na Futi Mkononi: Mwongozo kwa Anayetaka Gari la Kulala

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, Masasi, Newala na Tandahimba hujaa watu wanaolala popote giza linapowakuta. Wapo wauza mitumba na vyombo wanaofuata magulio, mafundi wa kuhamahama, na madereva wa malori wanaosubiri zamu ya kupakia ghalani. Wengi wao hulala kwenye kiti cha mbele, magoti yakigusa usukani, na kulipokucha wanashika tena barabara huku shingo imekaza. Kwa mtu kama huyo, kuweka kitanda, jiko dogo na tangi la maji ndani ya Haisi, Kosta au Kenta ni jambo la afya na usalama barabarani. Wala si lazima abuni kila kitu mwenyewe, kwa kuwa mengi yamekwisha kutengenezwa na yanaonekana bure, au kwa kiingilio kidogo, kwenye viwanja vya maonesho.

Ujerumani wana Caravan Salon, maonesho yanayofanyika Düsseldorf kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Agosti, kumbi nzima zikiwa zimejaa magari ya kulala na vipuri vyake. Kwetu hakuna uwanja unaokusanya vitu hivyo pamoja. Vimetawanyika kwenye mabanda tofauti, na kazi yako ni kuvikusanya.

Kwa mkazi wa Masasi au Newala, pa karibu zaidi ni Ngongo, Lindi, kwenye Nane Nane ya Kanda ya Kusini, tarehe 1 hadi 8 Agosti. Ukitoka Masasi unapita Ndanda, Nyangao, Mtama na Mnazi Mmoja, lami tupu. Pale utaona sola, pampu, matangi na majiko ya gesi, pamoja na kazi za wajasiriamali wadogo wanaochomelea vyuma. Sabasaba, inayoanza 28 Juni katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, ina uchaguzi mpana zaidi. Tena ukiwa huko utafika Gerezani kwa mafundi vyuma na Keko kwa maseremala. Ila ningeambiwa nichague moja tu, ningekwenda Arusha mwezi Juni kwenye Karibu-KiliFair, maonesho ya utalii. Karakana zinazounda magari ya watalii huleta kazi zao pale, na magari hayo yameundwa kwa vumbi, mashimo na jua, adui walewale tulio nao sisi. Angalia paa linaloinuka, mpira wa kuzuia vumbi mlangoni, betri ya pili iliyofungwa isichezecheze, na droo.

Droo ni mtihani mzuri wa fundi. Ivute hadi mwisho, irudishe, kisha itikise kwa mkono. Ikichomoka yenyewe gari likiwa limesimama bandani, kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi itamwaga vijiko vyote sakafuni kabla hujafika Newala. Komeo dogo la kubonyeza humaliza tatizo hilo. Ukiliona, lipige picha kwa karibu, uone na skrubu zake, maana fundi wako atakuuliza hizohizo.

Kabla ya kwenda, pima gari lako: urefu wa ndani, upana kwenye sakafu, upana kwenye usawa wa madirisha, na kimo. Andika kwenye daftari, na futi iwe mfukoni. Haisi ya kawaida ina upana wa nje wa mita 1.695. Ukitoa kuta, mtu mzima hawezi kulala kwa mapana bila kukunja miguu, hivyo kitanda kitakaa kwa urefu na kitakula sehemu kubwa ya sakafu. Kitanda kizuri ulichokiona kwenye basi kubwa hakitakufaa hata kama bei ni nafuu. Bandani usiogope kuomba: "Shikamoo mzee, naomba nilale hapo nipime." Muonyeshaji mwenye bidhaa nzuri atakuachia hadi urudie mara ya pili. Lala, geuka, kaa kitako uone kama kichwa kinagonga paa.

Suala la maji lina uzito wa pekee kwa mtu wa uwanda wa Makonde, na hapo ndipo mawazo ya wageni huwa hayatoshi. Juu ya uwanda wetu ardhi ni ya kichanga, mvua huzama chini na maji hubaki mabondeni. Bibi zetu waliteremka makorongo wakiwa na ndoo kichwani. Usijenge gari kana kwamba kila mji utakaolala utakuta bomba linatoka. Lita 15 kwa mtu kwa siku ni kiasi cha kubana matumizi, kwa hiyo watu wawili kwa siku 3 wanahitaji lita 90. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni kilo 90, kama kumbeba abiria wa ziada mnene asiyeteremka. Tangi likae chini, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, kamwe si juu ya paa. Liwe pia na kuta ndani, kwa sababu maji ya tangi lililojaa nusu hukimbilia upande mmoja kwenye kona za mlima wa Newala na kuvuta gari pamoja nayo.

Mvua nayo isipotee. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la Haisi lina takribani mita 7 za mraba, basi mvua ya milimita 10 inakupa karibu lita 70. Mfereji mwembamba pembeni mwa paa na mpira hadi kwenye dumu vinatosha. Yale ya mwanzo yaache yaoshe vumbi, na ya kunywa yachemshe.

Umeme ni rahisi zaidi. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5, feni ya wati 15 kwa saa 8, na simu mbili hazifiki wati-saa 300. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumika nusu tu ili isife mapema, inatoa 600. Muuza sola akikushauri ununue mtambo mkubwa kuliko hapo, mwonyeshe hesabu hii kwanza.

Kuhusu moto sina mzaha. Jiko la mkaa lisiwashwe wala lisiachwe na makaa ndani ya gari mnapolala, hata dirisha likiwa wazi kidogo, kwa sababu hewa yake haina harufu na huua watu usingizini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, hivyo kabati la mtungi liwe na tundu la kutolea hewa chini kabisa, linalotokea nje ya gari. Kizimamoto kikae karibu na mlango, si nyuma ya jiko.

Mwisho, karatasi. Kadi ya gari inaandika aina ya bodi na idadi ya viti. Ukibadilisha, nenda TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi kabla fundi hajakata bati, na ijulishe kampuni yako ya bima. Gari likifikia tani 3.5 linatakiwa kupita mizani, kwa hiyo wenye Kenta wahesabu mbao, maji na godoro mapema. Anayesafiri akae kitini na mkanda, kitanda ni cha gari lililosimama.

Nane Nane inafungua milango Ngongo tarehe 1 Agosti. Nenda siku za katikati ya wiki, asubuhi, waonyeshaji wakiwa na nafasi ya kujibu maswali, na kama unaweza, mchukue fundi wako mwende naye.